Nyangumi wa Sentimita Sitini

Mama alikubali kupanda boti yangu mara moja tu, na kwa sharti. Akimwona nyangumi kwa macho yake mwenyewe, si kwenye simu wala katika maelezo yangu, angeacha kunisema. Asipomwona, ningeiuza boti na kurudi chuoni kabla korosho hazijaanza kudondoka. Alilitamka sharti hilo nyumbani kwetu Kiranjeranje huku akichambua choroko, na hakuinua uso.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Mwaka uliotangulia nilisimama mbele ya jopo la wahadhiri kutetea tasnifu yangu kuhusu mchanga wa fukwe za Lindi, na mmoja wao akaniuliza swali jepesi kuliko yote: "Una hakika?" Nilifikiri. Nikaendelea kufikiri. Nilikuwa bado nafikiri mtu aliponiletea maji; utetezi ukaahirishwa, nami sikurudi tena chuoni.

Boti yenyewe niliachiwa na wazee wawili wasafiri waliochoshwa na bahari, baada ya kunifundisha kuiendesha kwa misimu miwili katika ghuba ya Kilwa Masoko. Ni boti ya matanga, ya fibaglasi, ina vitanda viwili, jiko la moto mmoja na injini inayowaka inapopenda. Asiyewahi kumiliki boti hudhani raha yake ni kusafiri. Nathubutu kusema raha yake ni ubovu. Kila asubuhi niliamka na orodha: pampu imeziba, kamba imelika, kome wameng'ang'ania chini, kutu imetafuna kishikizo cha mlingoti. Moyo ukawa mwepesi kama wa mtoto siku ya Idi. Baada ya miezi mingi, nilikuwa na matatizo yenye majibu.

Siku tatu kabla ya safari ya mama, maji makuu ya bamvua yalipokupwa, tuliiegemeza boti kwenye magogo mchangani tuipake chini rangi ya kuzuia kome. Fundi wangu alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, mjenzi wa mashua za mbao, na kwa kabila ni mtani wa mama. Aliizunguka boti, akaigonga kwa kisigino cha nyundo, akasikiliza.

"Haina msumari hata mmoja," alisema. "Dokta, wamekuachia ndoo." Jina hilo alinipa yeye; chuo kilikuwa bado.

Tulipaka rangi mpaka adhuhuri. Nilipokwenda kuswali, yeye alibaki. Niliporudi, maji yalikuwa yameanza kujaa na kulifunika tumbo la boti, naye alikuwa akinawa mikono kwa uso wa mtu aliyetenda jambo jema.

Siku ya safari tulitoka ghubani asubuhi, sisi watatu: mimi kwenye usukani, fundi kwenye kamba, na mama ameketi nyuma kabisa, akitazama tulikotoka, jaketi la kuokolea limefungwa juu ya kanga na ndimu iko mdomoni kuzuia kichefuchefu. Tulipofika maji ya buluu iliyokoza niliwasha kipima kina. Ni kijidude chenye kioo, ambacho hupeleka sauti chini kupitia jicho dogo lililo tumboni mwa boti, kisha husoma umbali wa kitu kilicho chini. Ghubani sikukihitaji, kwani pale napajua.

Kilisoma sentimita sitini.

Nilikigonga kwa kidole. Sitini. Nikaanza kufikiri, kwa utaratibu. Mkuku wa boti yangu, ule uti wake wa chini kabisa, unazama zaidi ya mita moja na nusu. Kama chini yetu palikuwa na mwamba, tulipaswa kuwa tumekwama, nasi tulikuwa tukiteleza vizuri kabisa. Kwa hiyo haukuwa mwamba. Kilikuwa kitu kinachokwenda nasi, kwa mwendo wetu, mbele kidogo ya mkuku, tena kikubwa. Niliipitia hoja hiyo mara mbili nikitafuta kasoro. Sikuiona. Furaha ilinipanda kutoka magotini.

"Tushushe tanga," nilinong'ona. "Yuko chini yetu."

"Nani?" fundi aliuliza.

"Nyangumi. Sentimita sitini."

"Mwambie apande tumwone," mama alisema bila kugeuka.

"Mtani, usimwite," fundi alisema. "Akikuona wewe atadhani kampata ndugu yake."

"Na akikuona wewe atadhani ni dagaa, akumeze na hilo domo lako."

Tuliposhusha tanga, mimi na fundi tulilala kifudifudi mbele ya boti, tukachungulia. Buluu tupu. Fundi akachukua bildi, risasi iliyofungwa kwenye uzi mrefu wa kupimia kina, akaiteremsha taratibu. Uzi ulikwisha na risasi haikugusa kitu. Akaivuta yote juu, akaitazama kwa muda.

"Dokta, hilo jicho la mashine liko wapi hasa?"

"Mbele ya mkuku, upande wa kulia. Ni duara jeusi, kama kifuniko cha chupa."

"Nilikaona kashimo hapo."

"Ukakafanyaje?"

"Nilikaziba. Kwa deheni. Nimeipaka yote chini, ulipokwenda kuswali. Zawadi yangu. Chombo hakijapata kutoka mikononi mwangu bila deheni. Kivinje watanisemaje?"

Deheni ni shahamu ya ng'ombe iliyochanganywa na chokaa. Hupakwa mashua za mbao zisinyonye maji. Fibaglasi hainyonyi chochote. Nilikuwa nimeisimamisha boti katika bahari kuu na kunong'ona kwa heshima ya donge la mafuta. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka.

Ndipo mama aliposema, kwa sauti ya mtu anayehesabu kuku wake, "Huyo hapo."

Tuligeuka kwa pamoja, tukagongana vichwa. Nilichokiona mimi ni duara laini juu ya maji palipozama kitu, nyuma yetu, na pumzi ya ukungu iliyotushukia ikinuka kama beseni la samaki lililosahauliwa juani. Nilitambaa hadi alipokaa.

"Mama, umeona nini hasa? Mgongo, au mkia? Pengine lilikuwa wimbi. Pengine pomboo."

"Dokta, nyamaza," fundi alisema, akipapasa paji la uso. "Umeshinda kesi."

Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba neno moja la shaka kutoka kwa mama lingeninyang'anya boti. Hata hivyo nilijisikia nikiuliza, "Una hakika?"

Mama hakufikiri hata kwa muda wa kutema kokwa ya ndimu.

"Ana jicho. Kanitazama. Nikamwamkia shikamoo, maana ni mtu mzima yule."

"Akaitika?" fundi aliuliza.

"Si mmeinusa marahaba yake?"

Jioni ile nilimwandikia msimamizi wangu wa tasnifu nikaomba tarehe nyingine ya utetezi, wala hakuna aliyenituma. Bamvua lililofuata, tulipokuwa tukikwangua deheni, mama alishuka ufukweni na kipande cha kifuu, akaulizia jicho la mashine, akalisafisha mwenyewe huku akimtukana mtani wake. Kisha akapanda na mto wa sufi alioshona Kiranjeranje, akauweka kwenye kiti cha nyuma kabisa, kile kinachotazama tulikotoka.