App ya kutafuta chuma ilivyogeuza zizi la mkwe wangu kuwa machimbo

Wakuu, amani iwe kwenu na bando lisiwaishie katikati ya uzi.

Humu kila baada ya muda mtu anaomba app kali za kuweka kwenye simu, wadau wanamwaga majina, basi. Hakuna anayesema app imemfanyia nini maishani.

Mimi naleta tatu tu, zote nimetumia mwenyewe. Ya tatu ndiyo imenikalisha chini niandike.

Ni kweli tupu. Mke wangu Minza yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika, na ameshaanza kunirekebisha kabla sijamaliza salamu.

Mimi ni fundi tiles, niko Kahama. Simu yangu ni ya kawaida, kioo kina ufa, ila kichwani iko vizuri.

APP YA KWANZA: pima maji.

Unailaza simu juu ya tile, kiputo kinakaa katikati, unajua sakafu imenyooka. Naipa asilimia zote. Pima maji yangu ya mkononi ilianguka toka ghorofani, hii ndiyo imenilisha tangu hapo.

APP YA PILI: ile ya kupiga makofi simu iitike.

Umeisahau simu ndani, unapiga makofi, inajibu "niko hapa". Nzuri sana ukiwa nyumbani.

Tatizo nilikwenda nayo kanisani. Padre akatangaza ndoa ya vijana fulani, waumini wakapiga makofi, simu ikaanza kuitika mfukoni kwa sauti ya mwanamke: "Niko hapa! Niko hapa!" Bibi harusi mtarajiwa aligeuka taratibu kumtazama bwana harusi.

Nilii-delete palepale kwenye benchi.

APP YA TATU: ya kutafuta chuma.

Hii nilii-install kwa kazi. Kabla hujatoboa ukuta unaipitisha simu, ikilia ujue kuna nondo, unahamia pembeni. Ndani ya simu kuna kitu kinachohisi sumaku, hicho hicho kinachoendesha dira.

Naomba hapa mnielewe vizuri, maana wengine hawakunielewa: INAHISI CHUMA. Dhahabu haiioni. Shaba haiioni. Na chuma chenyewe lazima kiwe karibu, kama kiganja hivi. Maelezo ya app yenyewe yanasema hivyo.

Sasa twende kwenye tukio.

Kiangazi kilichopita tulikwenda na Minza kuwasalimia wazazi wake, kijiji kimoja upande wa Segese. Mkwe wangu, Mzee Masanja, ni mfugaji na mkulima, mtu wa maneno machache. Tulimkuta amekasirika. Alikuwa anatengeneza plau, bolti moja ikamponyoka ikapotelea kwenye majani makavu ya uani. Asubuhi nzima anaitafuta kwa mikono.

Nikajifanya mkwe mwenye faida. Nikafungua app, nikapitisha simu chini, ikalia, nikaokota bolti.

Mzee akasogea karibu. Aliitazama bolti, akaitazama simu, akaniomba simu.

Akaanza kutembea nayo ameinama. Ikalia kwenye msumari. Ikalia kwenye kipande cha mnyororo. Akapita nyuma ya nyumba mpaka zizi la zamani, lile lililoachwa kitambo likabaki tuta la samadi ambalo mama mkwe hupanda maboga.

Pale simu ilipiga kelele mpaka kioo kikawa chekundu chote.

Mzee akasimama. Akasogea hatua nyuma, ikanyamaza. Akarudi, ikapiga kelele.

Mnajua sisi tunaishi juu ya nini huku. Ukiamka unasikia fulani wa Nyarugusu kapiga jiwe lenye dhahabu, kajenga, kanunua lori. Kila mzee huku anaamini dhahabu ipo kwake, ila bado haijajitambulisha.

Nikamwambia, "Baba, hiyo inalilia chuma tu. Dhahabu haiijui."

Akaniuliza nani kaniambia. Nikamjibu imeandikwa kwenye maelezo ya app.

"Mkwe," akasema, "wewe ungekuwa na simu inayoijua dhahabu, ungeandika?"

Akaendelea kuipitisha simu juu ya tuta.

Hapa niwaeleze kidogo wasio wa huku. Kwa Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe wanapeana nafasi. Mnasalimiana kwa mbali, hamkai pamoja, hampigi soga. Tangu nimuoe Minza nilikuwa sijaongea na mama zaidi ya salamu, na ujumbe wake wote ulinifikia kupitia kwa binti yake.

Jioni Minza akaja na ujumbe: mama anasema lile zizi lisiguswe.

Mzee akauliza kwa nini. Minza akaenda, akarudi: anasema ni maboga yake.

Sasa ilikuwa kiangazi. Maboga yalishavunwa na kuliwa. Pale palikuwa na kamba kavu za mimea ya maboga ambazo hata mbuzi walizikataa.

Mzee akatikisa kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anamjua mke wake, na kama anakataza basi anajua kilichopo chini. Kukataza kwa mama ndiko kukawa uthibitisho kuliko simu yenyewe.

Asubuhi niliamka nikakuta watu.

Sijui nani alisema. Mzee anaapa si yeye. Lakini uani palikuwa na wanaume wenye sururu, wengine wameshafunga kamba za katani kugawana viwanja. Mama mmoja alikuwa anakaanga maandazi. Kuna jamaa alikuwa na spika anatangaza dawa ya panya. Wote walinipisha nilipotoka kupiga mswaki, kama napita na mwenge.

Nikapanda juu ya kinu nikawatangazia ukweli wote. Chuma. Sumaku. Nondo. Wakanisikiliza kwa heshima sana. Nilipomaliza, mmoja akasema, "Mtaalamu anatulinda tusikate tamaa mapema," wakapiga makofi.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti akawa Shija, mchimbaji aliyewahi kufanya kazi kwenye maduara ya Nyarugusu, na duara ni lile shimo la kushukia kwenye mawe. Shija alichota udongo, akaunusa, akafumba macho, akasema hii harufu anaijua.

Ilikuwa samadi, wakuu. Hata mimi naijua.

Mimi nikateuliwa Mtaalamu wa Vipimo bila kugombea. Simu ikapewa mlinzi. Chaji ilipopungua, kamati iliamua ichajiwe kwenye pikipiki iliyosimama huku injini inaunguruma, na mwenye pikipiki akawa mjumbe.

Ningeweza kumaliza yote haya kwa jembe la mkono. Nilimwambia Shija kitu kipo juu juu, simu haihisi mbali, tufukue kidogo tuone. Akaniangalia kwa huruma. Alisema mshipa haufuatwi kwa juu kwa sababu unashtuka, unafuatwa kwa ubavuni. Kwa hiyo wakaanza kuchimba pembeni, waende chini, halafu wakate kuufuata.

Wakashuka. Mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani, mpaka vichwa vikapotea.

Minza akawa anakuja na kuondoka na ujumbe wa mama. Mara mama anasema wataangusha nyumba. Mara anasema pale kuna nyoka. Mara anasema pana mambo ya mababu. Kila ujumbe ulivyofika, wachimbaji waliongeza kasi.

Mchana akatokea Mzee Luhende, na kelele zikapungua zenyewe.

Luhende ni mdogo wake Mzee Masanja, tumbo moja. Wanakaa vijiji jirani na walikuwa hawajasalimiana tangu Minza anabebwa mgongoni. Sababu ni baiskeli. Masanja alikuwa na baiskeli iliyokuwa sifa yake yote, ikapotea, na juma lile lile Luhende akaonekana na redio mpya. Kaka akamwita mdogo wake mwizi mbele ya watu. Tangu hapo huyo mdogo ametembea na jina hilo. Alikosa mchumba kwa ajili ya jina hilo. Kwenye mazishi ya mama yao walisimama pande mbili za kaburi.

Luhende hakumtazama kaka yake. Aliiambia kamati kwamba ardhi ile ni ya baba yao, na kama kuna dhahabu, na yeye ana sehemu. Akakaa kwenye jiwe, ng'ambo ya shimo.

Masanja naye alikaa upande wake. Katikati yao kuna shimo na samadi inaruka.

Basi Shija akaamuru wakate ubavuni. Sururu ikapiga, ukuta wa shimo ukaporomoka, na kwa juu kabisa, kiganja kimoja tu toka usawa wa ardhi, ukachomoza usukani wa baiskeli. Umetoka kama pembe za ng'ombe anayechungulia.

Sururu zikashushwa. Hata jamaa wa dawa ya panya alizima spika.

Shija akauvuta. Ikaja fremu, ikaja kengele imejaa udongo, likaja rimu, tairi zimeoza. Mzee Masanja akashuka mwenyewe shimoni. Akafuta fremu kwa kiganja mpaka ikaonekana rangi nyekundu aliyoipaka kwa mkono wake akiwa kijana.

Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akainua macho kwa mdogo wake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiomba kitu namna ile bila mdomo kufunguka.

Luhende akasema, "Mimi nimezika baiskeli kwako?"

Ndipo mama mkwe akaja. Hakutuma mtu. Alipita karibu yangu kabisa, nikajibana kwenye ukuta wa nyumba kwa heshima, akaenda kusimama kwenye ukingo wa shimo.

"Niliizika mimi," akasema.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Kwamba miaka ile mzee alikuwa na mwanamke upande wa Ushirombo, kila gulio anapanda baiskeli anakwenda, na maneno ya kumuoa yalishaanza. Yeye ana mtoto mchanga. Mzee alipokwenda ngomani kwa miguu na wenzake, akaiangusha baiskeli kwenye samadi iliyokuwa laini, akaifukia, akarudisha ng'ombe juu.

Mzee, toka shimoni, akauliza polepole kwa nini hakusema alipoona ndugu wanagombana.

Mama akasema kila mwaka alipanga kusema. "Lakini kila nikitaka kusema, mmoja wenu ananiudhi."

Akaongeza kwamba baada ya baiskeli kupotea, mzee alijaribu kwenda Ushirombo kwa miguu mara moja tu, akarudia njiani. Watu wakainamisha vichwa wasicheke. Halafu sauti yake ikabadilika. Akamgeukia Luhende, akapiga magoti pale kwenye udongo, akasema, "Shemeji, wewe ndiye niliyekuzika."

Nilidhani Luhende atalia, au ataondoka. Akamgeukia Shija akamwambia kwamba yeye aliitwa mwizi mbele ya watu, na leo watu wapo na kamati ipo.

Wakuu, ile kamati ya dhahabu ikakaa kikao. Shija akasimama kwenye kifusi, akauliza wanaokubali kwamba Luhende si mwizi wanyooshe mikono. Ikanyooshwa mikono yote, na sururu juu, na mama wa maandazi na kijiko chake. Mkono wa mwisho kupanda ulikuwa wa Mzee Masanja, toka shimoni. Alikuwa amesimama chini sana, unaona mkono tu.

Kisha akasema, "Luhende, nisaidie tuitoe."

Luhende akashuka. Wakaishika mmoja mbele mmoja nyuma, wakaitoa. Masanja akataka kuiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake.

"Hapana," Luhende akamwambia. "Nimeibeba miaka yote hii. Hii ni yangu."

Mzee akafikiri. Akaachia.

Luhende akaipandisha begani ilivyo, kutu na samadi, akaondoka nayo kwao. Masanja akavaa kandambili akamfuata nyuma, ameshika rimu lililodondoka. Walirudi kesho yake, wote wawili, wamelewa, wanabishana kuhusu nani alipigwa zaidi na baba yao. Minza anasema niandike pia kwamba walikuwa wanacheka. Sawa, walikuwa wanacheka.

Wachimbaji waliondoka? Thubutu. Shija alitangaza kwamba baiskeli iliwekwa kama kizibo, na mali iko chini yake. Walichimba mpaka maji ya matope yakatokea. Sasa ng'ombe wa mzee wanakunywa pale.

FUNZO, kwa mtazamo wangu. App inaweza kukuambia kuna kitu. Haikuambii ni kitu gani, wala nani alikiweka. Ukiwa ukweni, simu iweke mfukoni, okota bolti kwa mikono kama wengine. Na ukisikia mtu anakataza jambo kwa sababu tatu tofauti kwa siku moja, mkalishe pembeni umuulize vizuri kabla hujaleta sururu.

Siku tunaondoka, nimeshapakia mizigo, mama mkwe alinijia mwenyewe. Aliinamisha macho, na mimi nikainamisha. Akasema, "Wabeja, mkwe," yaani ahsante. Ni neno la kwanza aliloniambia lisilo salamu.

Kisha akasema, "Hicho kitu kifute. Jikoni kwangu hukupita nacho, na hutapita."

Nimekifuta. Mzee bado ananipigia anauliza jikoni kuna nini.

Karibuni wadau, tupieni app zenu na mseme zimewafanyia nini. Matusi hapana, mama mkwe ana mjukuu anayemsomea.