Wauza Chakula wa Ukutani

Majira yale ya baridi nyumba yetu ilinukia vitunguu vya kukaanga kutwa nzima, kwa sababu madirisha hayafunguliwi na Bibi hakuwa na kazi nyingine ila kupika. Alikuwa mama yake Baba, ameletwa kutoka Saranda mpaka ng'ambo, mtaa wa Malvern, ghorofa ya tisa, akae nasi moja kwa moja. Wazazi walishinda kazini. Mimi nilikuwa na miaka minane, Kiswahili nakielewa vizuri ila najibu kwa Kiingereza. Basi nikitoka shule tulikaa sebuleni, kila mtu na lugha yake, kama abiria wawili waliokosana. Haukupita muda nikamsikia akimwomba Baba amkatie tiketi arudi kwao, maana huku hana wa kuongea naye. Roho iliniuma sana. Nilikuwa nimeshamzoea, hata kukoroma kwake.

Juu ya meza ya chakula ilining'inia picha ya Kijapani iliyochapwa kwa vibao vya mbao. Baba aliinunua duka la mitumba ili afunike ufa wa ukuta. Ilionyesha barabara, vibanda vya chakula, wasafiri wenye kofia pana za majani, na mama mmoja mnene aliyemng'ang'ania msafiri mkono aingie kwake kula. Siku moja Bibi alivaa miwani, akaitazama, akacheka mpaka akatafuta kiti. Ujana wake wote aliuza wali na kuku stesheni ya Saranda, treni ikisimama. Aliniambia yule mama anaijua kazi, lakini msichana wa nyuma yake mwenye sinia atarudi nalo nyumbani, kwa sababu anaona haya. Na yule mzee aliyekwisha kuvua viatu, huyo atakula sahani mbili.

Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Mimi msafiri, yeye muuzaji, meza ndiyo kibanda. Alinishika mkono akauliza nile nini. Nikijibu kwa Kiingereza, alifunika sufuria na kusema treni imeondoka. Hakuwa na masihara. Mara ya kwanza nilikaa na njaa mpaka Mama aliporudi. Kesho yake nilikusanya maneno yote niliyomsikia akisimulia, nikajikaza.

"Mama, nipe paja," nilisema, "na pilipili usinibanie."

"Karibu, mke mwenzangu," akajibu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu.

Alinipakulia mapaja mawili, akakaa kunitazama nikila huku machozi yakimtoka. Nilifurahi kuliko sikukuu. Habari za tiketi hazikusikika tena, na Bibi alikaa nasi mpaka alipofariki.

Siku hizi ninaishi North York, mji ule ule. Nakala nyingine ya picha ile naweza kuitazama kwenye simu wakati wowote, rangi zake safi kuliko za ile yetu, wala hainigusi. Lakini kanisani, wanafunzi waliofika juzi kutoka Dar es Salaam hucheka nikifungua mdomo. Wanasema ninaongea kama mama wa makamo anayeuza kuku stesheni, na ninavyokaribisha watu ni kama nawagombania kabla treni haijaondoka. Wakishacheka huniomba radhi. Nawaambia waendelee, kwa kuwa katika mji huu mzima sijawahi kusifiwa hivyo.