Kuku wa Pembeni mwa Karatasi

Kosa ni langu. Nalisema mwenyewe kabla wengine hawajawasimulia.

Mimi ni bibi, nakaa Malukhu hapa Mbale, nasaga karanga na kuziuza kwenye makopo. Shule niliiacha mapema, lakini kuchora najua. Lebo yangu ni kuku mwenye kishungi, nilimchora kwa mkono huu. Basi nikamkuta kuku huyo huyo kwenye makopo ya wifi yangu kule Bugembe, mke wa mdogo wangu! Nikamuuliza. Akacheka: "Aa wifi, kuku ni wa Mungu."

Wa Mungu! Nilirudi nyumbani, nikachukua kalamu. Nikamchora yeye, na lile pengo lake la meno, kopo kwapani, mkia wa fisi nyuma.

Nikaenda kwa bwana anayenichapia lebo kwa kompyuta. Ana programu ya ajabu: unaipa picha moja, inaipanga mara nyingi kwenye karatasi moja, wewe unabaki kukata tu.

"Jaja," akaniita, yaani bibi, "hii nayo ni lebo?"

"Chapa. Na usiniachie mahali peupe, karatasi nimelipia yote."

Sikuzikata. Nilitaka wifi ajipange ukutani kama askari kwenye paredi! Nikazikunja, nikampa mchukuzi mmoja azibandike Bugembe nzima. Usiku huo nililala vizuri, jamani!

Kumbe picha zilipopangwa, ubavu mmoja wa karatasi ulibaki mtupu. Yule bwana, kwa kunitii, akaujaza kuku wangu, maana alikuwa bado ndani ya kompyuta. Mimi sikutazama pembeni. Nilikuwa natazama mkia!

Sokoni wakanipokea: "Mama Kuku! Wenye mikia unawauzaje?"

Mdogo wangu akaja. Ni askari wa magereza, sauti hapandishi. Hakukaa. Aliweka karatasi mezani.

"Dada, umemtia mke wangu mkia, kisha ukaweka na sahihi."

"Mwizi yule!"

"Kuku wa kwenye makopo yake nilimbandika mimi. Nilidhani cha dada yangu ni changu."

Akaondoka. Hajakanyaga hapa tena, hata nilipougua.

Na wifi? Simsamehe ng'o! Alijua, akacheka, akaniacha nichore.

Lakini wewe unayechemka sasa hivi, kalamu mkononi, nisikilize. Uliza kwanza nani alichukua. Mimi kisasi changu nilikipata, tena nakala tele, kuta zote za Bugembe. Ndugu nilikuwa naye mmoja tu.