Vepu Ndani ya Pamba

Ilianza siku ya Ijumaa, saa tisa na robo alasiri, wiki ya pili ya likizo ya mwezi wa sita. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshaitazama ya ukutani mara nne, nikimsubiri bibi asinzie. Bibi, mama yake baba, akishakula husinzia palepale kwenye kigoda chake, na mimi nilihitaji dakika tano tu za kuingia chumba cha pamba bila kuulizwa naenda kufanya nini. Siku hiyo hakusinzia. Badala yake baba aliingia uani na baiskeli, akaiegemeza ukutani, akasema, "Chama cha ushirika wanafungua mizani kesho asubuhi. Pamba yote tunaifunga leo."

Ndani ya ile pamba kulikuwa na vepu yangu.

Kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, msimu wa pamba watu huhama vyumba. Pamba ikishatoka shambani Sapiwi, ikaanikwa ikakauka, hupewa chumba cha kaka yangu ambaye yuko shule ya bweni, na likizo hii alibaki hukohuko kwa masomo, nayo hujaa mpaka usawa wa dirisha. Sheria ya chumba hicho ni moja na niliijua kabla sijajua kusoma: moto hauingii. Kibatari hakiingii, kiberiti hakiingii, mgeni mwenye sigara anabaki nje hata kama mvua inanyesha. Baba hajawahi kutuambia kwamba sigara inaharibu mapafu. Alichotuambia ni kwamba sigara ni moto, na moto na pamba havilali nyumba moja.

Kwa hiyo dada alipokuja kutusalimia akanionyesha ile vepu, kidude cha zambarau cha kuvuta mvuke, kirefu kama kidole cha kati, swali langu la kwanza lilikuwa kama kinawaka. Huyu dada ni mtoto wa baba mkubwa, anasoma chuo Mwanza, na kila akija huwa namfuata nyuma kama ndama.

"Hakiwaki," aliniambia. "Hakina moto, hakina majivu. Mvuke tu, kama wa sufuria ya wali."

"Kwa hiyo si sigara?"

"Wewe naye. Hiki ndicho wanachotumia watu wanaotaka kuacha sigara. Kingekuwa kibaya wangekitumia?"

Mimi mara nyingi jibu hunijia baada ya watu kuondoka. Hata darasani mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, natazama dawati mpaka amtaje mwingine. Nikavuta. Ilikuwa ladha ya embe, embe la dukani, si la mtini. Nilikohoa, kichwa kikazunguka, nikaketi juu ya pamba, dada akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mshamba wangu huyu," akasema. Lile neno "wangu" lilinifurahisha kuliko embe. Alipoondoka aliniachia, akasema yeye atapata nyingine.

Hiyo ilikuwa siku nane kabla ya Ijumaa ninayoiandika. Niseme ukweli ulivyo: sikuwahi kuvuta sigara maishani, wala sikuwahi kuitamani. Nyumbani kwetu hakuna anayevuta. Lakini siku ya tano niliamka kabla ya kuku nikiiwaza. Mikono yangu, ambayo mbele za watu sijui niiweke wapi, ilikuwa imepata kazi. Na pa kuvutia nilichagua chumba cha pamba, kwa sababu hakuna mtu anayeingia humo na kwa sababu, kwa hesabu zangu, sikuwa navunja sheria yoyote. Hapakuwa na moto. Nilikuwa nimepima ubaya wa kile kitu kwa kipimo kimoja tu nilichokuwa nacho, na kipimo hicho kilisema hakina ubaya.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa humo, bibi akakohoa mlangoni. Nikaisukuma vepu ndani ya pamba mpaka kiwiko kikazama. Niliporudi baadaye kuitafuta haikuwapo. Pamba si kama mahindi. Ukiichimba inajimwagia tena mahali ulipochimba, na kitu kizito kinashuka chini kila unapoigusa.

Sasa baba alikuwa anakung'uta magunia.

Baba anatumia magunia ya kitambaa. Viroba vya plastiki havitaki, anasema nyuzi zake zinaingia kwenye pamba na kumtia mtu aibu. Misimu miwili nyuma, kwenye foleni ya mizani, mzee mmoja wa mtaa wa pili alikutwa na mawe ndani ya gunia. Walilimwaga mbele ya watu wote. Mpaka leo akipita sokoni vijana wanamuuliza, "Mzee, mawe leo yameamkaje?" Pamba ya baba haijawahi kumwagwa. Anaisema habari hiyo taratibu na mara kwa mara, kama wengine wanavyotaja ng'ombe wao. Nikawaza mkono wa karani wa mizani ukiingia kwenye gunia letu na kutoka na kitu cha chuma. Nani angeamini kwamba baba hakukiweka humo kuongeza uzito?

Gunia la pamba lazima mtu aingie ndani alishindilie kwa miguu. Kazi hiyo siipendi, unatoka umejaa vumbi hadi kwenye kope. Nikasema nitashindilia mimi.

Bibi alinitazama. "Wewe? Wewe wa kuitwa mara tatu?"

"Naweza, bibi."

"Leo kuna jambo. Jana nilikutuma maji ukanijibu kwa mabega."

"Mama, mwache," baba alisema. "Akijitolea mnamshangaa, asipojitolea mnamsema."

Niliingia kwenye gunia la kwanza nikiwa peku, nikitafuta kwa nyayo. Baba alimimina pamba, nami nikakanyaga polepole, nikisikiliza kwa vidole vya miguu. Kipande cha kijiti. Kokwa. Jani. Nilikuwa nakanyaga kama mtu anayevuka mto usiku. Baba akasema, "Shindilia, usiibembeleze." Nikashindilia. Jasho lilinitoka ambalo si la kazi. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu mchana, mdomo mkavu, na kitu fulani kifuani kilikuwa kinatembea huku na huku hakitaki kukaa. Nilidhani ni hofu. Ilikuwa hofu, lakini haikuwa hofu peke yake.

Kwenye gunia la tatu bibi aliniita nikamchukulie ugoro kwa jirani. Tumbaku yake ya kunusa ilikuwa imeisha tangu asubuhi, ndiyo maana hakusinzia, na ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa amegombana na mama, na kuku, na mlango. Sikutaka kuondoka pale. Nikamjibu vibaya. Nilisema, "Kila saa ugoro, ugoro."

Baba aliacha kumimina. Mimi sijawahi kumjibu bibi hivyo.

Bibi hakukasirika, ndilo jambo lililonishangaza. Alinitazama mikono. "Vidole vinakutetemeka, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Kichwa kinauma?"

"Ndiyo."

"Unapiga miayo na usingizi huna. Unamkasirikia mtu asiyekukosea." Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Mbona uko kama mimi nikikosa ugoro."

Nilikwenda kwa jirani nikikimbia. Nilimletea, akanusa, akapiga chafya mbili, na baada ya muda mfupi akawa mtu mwingine kabisa, anatania, anaimba kwa Kisukuma. Nikamuuliza alianza lini. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

"Nilipoolewa. Jino liliniuma, mama mkwe akaniambia tia ugoro hapo, litapoa. Likapoa."

"Na jino?"

"Jino waling'oa mwaka uleule." Akafunga kikopo chake na kukitia kwenye kanga. "Ugoro ndio nikabaki nao."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayeeleza alikopata kigoda. Nami nikarudi kushindilia.

Jua lilipozama tulikuwa na magunia sita yameshonwa midomo, yamesimama ukutani. Chumba cha kaka kilikuwa kitupu. Nilikifagia mara mbili. Hapakuwa na kitu sakafuni, kwa hiyo vepu ilikuwa ndani ya gunia mojawapo.

Mama aliporudi sokoni nilimwomba simu, nikaenda nyuma ya jiko, nikampigia dada. Nilimweleza kwa kunong'ona. Kwanza alicheka, kisha akaacha.

"Imeshindiliwa?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe nimeishindilia."

"Ile ina betri. Ikibanwa vibaya inaweza kupata moto." "Inaweza, sijasema itapata."

"Uliniambia haina moto."

"Haina moto wa kuvutia. Usinikamate maneno."

Nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. "Ndani yake kuna nini?"

"Ladha. Maji maji fulani. Na nikotini, kidogo. Hukusoma kwenye boksi?"

"Hukunipa boksi. Nikotini si ndiyo iliyo kwenye tumbaku?"

"Ndiyo, lakini sigara ina mengine mengi mabaya zaidi. Mtu anayevuta pakiti nzima kwa siku, akihamia kwenye hii, si anajipunguzia? Hilo ni kweli, usibishe."

Sikubisha. Nilimfikiria fundi baiskeli wa njia panda, anayekohoa mpaka anashika ukuta. Kwake yeye labda kweli ingekuwa nafuu. Yeye ana kitu cha kuacha. Nikamwambia dada, "Mimi sikuwa navuta pakiti. Sikuwa navuta chochote."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi sikuwa navuta." Sikuwa nimetegemea hilo. Kisha sauti yake ikarudi ilivyokuwa. "Sikiliza, mdogo wangu. Nyamaza. Makarani hawafungui kila gunia. Ikishapita mizani wanaimwaga pamoja na ya watu wote, nani atajua ni ya kwenu?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ndilo lililonitesa. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu pekee ninachokiweza vizuri duniani. Nikahesabu: karani anaweza asifungue. Betri inaweza isiwake. Lakini kama ingewaka, ingewaka kwenye ghala, katikati ya pamba ya watu wa Ngulyati na Sapiwi na kwingine, watu ambao nao wamehama vyumba vyao kwa miezi miwili ili iwe kavu. Nilikuwa nakaa nasimama, naenda kwenye magunia narudi. Mama aliniuliza kama nina minyoo.

Na katikati ya yote hayo, niandike na hili kwa sababu nimeahidi kuandika ukweli: nilikuwa nataka kuvuta. Nilikuwa nayagusa yale magunia nikitafuta aibu yangu, na wakati huohuo nikitafuta embe lile. Sikuweza kutofautisha mkono upi unatafuta kipi.

Asubuhi baba alikuwa ameshaazima mkokoteni wa ng'ombe. Nilimkuta anafunga kamba. Nilipiga magoti kumwamkia, kama kila siku.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Haya, inuka unisaidie hili la kwanza."

Sikuinuka. Alipogeuka kunitazama nilikuwa bado magotini, na hapo maneno yakatoka, hayakutoka kwa mpangilio, yalianza na betri, yakaenda kwa mizani, yakaishia na embe. Sikumtaja dada. Alijua mwenyewe.

Baba alitazama jua, akatazama barabara ambako mikokoteni ya wengine ilikuwa imeanza kupita. Akachomoa kisu cha kukatia nyuzi, akanipa.

"Mwaga."

Niliyamwaga kwenye turubai, moja baada ya jingine, uwanjani mbele ya nyumba, watu wanapita. Mmoja akapaza sauti kutoka juu ya mkokoteni wake, "Vipi, na ninyi mmeweka mawe?" Baba akamjibu, "Tunatafuta sindano ya mama." Bibi akatazama pembeni. Vepu ilikuwa kwenye gunia la tano, imepinda kidogo ubavuni.

Baba aliishika kwa kitambaa, mbali na pamba, akaigeuzageuza. "Hii inafanya kazi gani?"

"Wanasema inasaidia watu kuacha sigara."

"Wewe ulikuwa unavuta sigara?"

"Hapana, baba."

"Sasa ilikuwa inakutoa wapi?"

Baba alikwenda kuiweka kwenye ndoo ya mchanga karibu na uzio, akarudisha mkokoteni kwa mwenyewe, akasema tutapima Jumatatu. Mimi nikakaa kwenye turubai, ndoo nikiipa mgongo, nikaanza kuchambua pamba upya kwa mkono, fungu kwa fungu, natoa majani na vijiti. Mara tatu niligeuza shingo kuitazama ile ndoo. Mara ya nne bibi alisogeza kigoda chake akakaa katikati, kati yangu na uzio, akafungua kikopo chake cha ugoro, akakitazama, akakifunga, kisha akakifungua tena. Nikachukua fungu jingine.