Siku Nilipompa Baba Mkwe Cheo cha Mwosha Vyoo

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mtu akinicheka katikati nitaacha kusimulia, na aibu yenyewe bado mbichi ingawa nina mtoto wa pili kwenye ndoa ile ile iliyoponea chupuchupu siku hiyo.

Kabla sijaolewa nilikuwa fundi cherehani pale Kanoni, na kati ya gauni na gauni nilikuwa naandika riwaya (ndiyo, riwaya, tena ya vita vya angani, meli zinazoruka kutoka nyota hadi nyota, na watu waliopangwa kwa madaraja tisa, wa tisa hana ruhusa hata ya kuketi mbele ya wa kwanza). Sasa kutunga majina ya watu wa nyota ni kazi, nikaamua kuazima ya watu ninaowafahamu. Shangazi Jovitha nampenda, nikampa umalkia. Mzee Zakaria wa Kituntu, baba yake mchumba wangu Deusi, alikuwa ameniuliza mbele za watu, "Binti, madaftari nayaona, lakini ndizi unajua kumenya?" Wiki hiyo hiyo nikamfanya mwosha vyoo wa meli.

Siku watu wa Kituntu wanakuja kwetu kujitambulisha, mama akaniambia niandike orodha ya jinsi wageni watakavyoitwa vitini. Nikaona daftari jipya la nini, nikaiandika kwenye kaunta buku la riwaya, ukurasa wa nyuma. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo tu. Nikiwa nasukwa, baba mdogo Festo, mshereheshaji wetu (akishika maiki hata msibani anatabasamu), akaja kuchukua daftari, akafungua mwanzoni, akakuta orodha ya madaraja, akaridhika.

"Mbwenu, haya sasa, wageni waitu, wageni wetu, leo tunaita kisasa, kwa vyeo! Malkia wa Nyota Saba, shangazi Jovitha!"

Vigelegele. Shangazi akaenda kiti cha mbele akizungusha kiuno, hata hakuuliza nyota gani. Mimi huku dirishani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama, nikatoka mbio, lakini kati yangu na maiki kulikuwa na masufuria ya ndizi, na mama, aliyedhani nimepandisha wazimu, akanidaka gauni.

"Daraja la tisa! Mwosha vyoo wa meli, haruhusiwi kuketi mbele ya wakubwa, Mzee Zakaria wa Kituntu!"

Baba mdogo akarudia kusoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Deusi akaniangalia, na sijawahi kuangaliwa vile. (Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtu chini ya turubai alilikumbuka kabla yangu: baba yake Mzee Zakaria alitoka Burundi kuja kupalilia migomba ya watu, ya babu yangu ikiwamo.)

Mzee akasimama, kofia mkononi. "Nilidhani tumeshapandishwa daraja," akasema taratibu.

Nikapiga magoti pale pale. "Shikamoo baba. Ni hadithi, baba. Ya vita, huko angani. Nimeitunga mimi."

"Marahaba. Huyo mwosha vyoo anafanya nini vitani?"

"Anaiokoa meli, baba," nikasema, uongo mtupu. "Ni yeye peke yake anayejua mabomba yote."

Akanitazama weee. "Basi nitakaa huku huku nyuma." Akaenda kuketi kwenye benchi la wamenya ndizi, na kwa kuwa mgeni rasmi hapewi mgongo, viti vyote ikabidi vigeuzwe, malkia wetu akajikuta wa mwisho kabisa, akanuna mpaka jioni.

Posa ikapita. Lakini wakati wa kuagana mzee akanivuta pembeni. "Ukimaliza hicho kitabu, mpe na kiti. Si lazima cha mbele."

Nikaitikia nikitazama chini, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamuua, ukurasa wa kumi na nne, alitumbukia kwenye tangi, na hakuna hata mmoja melini aliyeuliza yuko wapi.

Asubuhi yake nikauchana ukurasa ule nikawashia jiko. Tangu hapo orodha ya wageni naiandika kwenye karatasi yake yenyewe, na nimeapa hakuna mkwe mwingine atakayeingia angani. Huyu mmoja kila akija anauliza wamefika wapi, nami namsomea huku namenya ndizi (najua, tena haraka). Kiti nilimpa mwosha vyoo wake, humo melini, karibu na dirisha. Juzi akauliza kama kina mto. Nimeuandika.