Paa la Senti Kumi

Nyumba ya susu wangu, mama aliyemzaa mama yangu, ilipigiliwa kwa pesa. Babu alipoiezeka, hapa kwetu chini ya kilima cha Kasikeu, hakuwa na washa za kuweka chini ya vichwa vya misumari ili maji yasipenye. Alichokuwa nacho ni mfuko wa senti kumi za zamani, zile kubwa za kahawia zenye tundu katikati. Ulikuwa mshahara wake wa shamba la mkonge. Aliufukia ardhini, serikali ikabadilisha pesa, na siku alipoufukua hakuna duka lililoutaka. Basi kila msumari wa paa lile akaupitisha kwenye tundu la sarafu moja, akagonga.

Susu aliisimulia habari hiyo kwa kinyongo, hata mbele ya wageni wa kanisa. "Alininyima leso," alisema, "akaja kuyavika mabati."

Sarafu ya kwanza iliniangukia nikiwa darasa la tano. Msumari ulikuwa umeoza, upepo ukautupa chini pamoja na sarafu yake. Niliifuta kwa kidole nikaona pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, na upande wa pili taji na jina la mfalme. Upande mmoja ulikuwa na duara la kutu pale kichwa cha msumari kilipokalia. Upande uliolala juu ya bati ulikuwa safi. Niliipenda. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Darasa la nane lilipoisha hakukuwa na mtu wa kunilipia sekondari. Nikabaki na susu, na mbuzi, na mkebe wangu wa sarafu. Akina mama sokoni walinitolea zilizosahaulika chini ya vyondo vyao vya kusukwa, na wachimba mchanga wa mtoni walinipigia mluzi wakiokota moja. Mimi ni mtu wa haya, nikizungumza hufunika mdomo kwa kiganja. Watu walizoea kuniwekea sarafu mkononi na kwenda zao bila kuningoja niseme asante.

Nikajifunza pia kujua za bandia. Kule Kambu, kwenye barabara kuu, kulikuwa na vijana waliokuwa wakiyeyusha risasi ya betri za gari, wakiimimina ndani ya udongo uliogandamizwa sarafu ya kweli, kisha wakiipaka rangi na kuwauzia wasafiri. Sarafu ya kumiminwa ina herufi zilizovimba kama uso ulioumwa na nyuki. Ukingoni ina mshono mwembamba mahali vipande viwili vya udongo vilipokutana. Na ikiwa ina tundu, hujaribiwa kwa uzi. Unapitisha uzi tunduni, unaining'iniza, unaigonga kwa msumari. Ya kweli huimba kidogo. Ya risasi hufanya ta, basi.

Susu hakuhitaji uzi. Ujanani mwake aliuza pojo sokoni, wakati kila shilingi iligongwa jiweni kabla ya kupokewa. Nilipokuwa nikijaribu sarafu mlangoni, yeye yuko ndani anapepeta, aliinamisha kichwa upande mmoja na kusema kabla hata sijaiangalia vizuri, "Hiyo imekufa. Itupe." Sikuwahi kumwona akikosea. Kisha aliongeza, "Wenzako wanakusanya watoto, wewe unakusanya vyuma. Hata mbwa akizika mfupa, anajua una nyama."

Mwezi wa kumi, jua likiwa kali na anga tupu, mjomba alikuja. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee wa susu. Ana duka la vyakula vya mifugo mjini Kabati, na kwetu alikuwa hajakanyaga tangu Pasaka. Mama yangu alinizaa akiwa hajaolewa, akafa nikiwa mdogo. Kwa hiyo katika boma lile mimi nilikuwa mtoto wa binti, na mjomba hakuniacha nisahau.

"Wewe bado uko?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. "Hakuna mwanaume amekuja hata na mbuzi mmoja?"

"Nani atamtaka?" susu akamjibu huku akicheka, akimfutia kiti kwa leso yake. "Akiulizwa jina anafunika mdomo kama mwizi wa sukari."

Mjomba alikuwa ameleta mwanaume aliyevaa viatu visivyo na vumbi, na lenzi ya kukuzia ikining'inia shingoni. Alisema ni mnunuzi wa sarafu kutoka Kambu. Vijana wawili walibaki kwenye pikapu yao. Mnunuzi alitazama paa letu, akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani.

"Mama," akamwambia susu, "umelala chini ya utajiri miaka yote hii na hakuna aliyekuamsha."

Mjomba akatoa simu, akatuonyesha video. Mtu fulani alikuwa akisema kwamba senti kumi yenye jina la mfalme aliyekaa kitini muda mfupi inauzwa mamilioni. Nilikwenda kwenye mkebe wangu nikachukua mbili za jina hilo, nikazileta.

"Mjomba, hii si adimu," nikasema. "Zilitengenezwa nyingi. Ninazo."

"Toa mkono mdomoni uongee kama mtu."

Nikautoa, nikarudia.

"Na kama ni hii ya milioni, mbona miguu yako imepasuka hivyo?" Vijana wa pikapu wakacheka, na susu akacheka nao.

Mnunuzi hakucheka. "Msichana anasema ukweli," alisema kwa upole. "Hizo za jina achaneni nazo. Mimi natafuta za ndani." Akaeleza kwamba kuna chache zilizopigwa kwa fedha nyeupe kama majaribio, zikavikwa ngozi ya shaba ili zifanane na nyingine, na magunia yake yalipelekwa kulipa watu wa mkonge. Kwa macho huwezi kuzijua. Ni mashine tu, na mashine iko kwake. Akafungua pamba, akatoa moja iliyokwaruzwa upande, pale mkwaruzo ulipopita ikang'aa nyeupe. Akamwekea susu mkononi. "Nikipata hata moja kama hii juu hapo, Mama, tutajenga nyumba ya mawe."

"Sasa tuzing'oe," mjomba akasema.

"Kwa nyundo? Utaziumiza, na sarafu iliyoumia haina bei. Tutainua bati kwa mtaimbo kutoka chini, litoke na misumari yake na sarafu zake. Nitabeba mabati mazima, kwangu mashine itakata misumari polepole. Wiki ijayo nawaletea mapya, ya rangi ya damu ya mzee. Hata yakichelewa, yatafika kabla ya mvua."

Nilimwona susu akimeza mate. Jirani yetu wa juu alikuwa na mabati ya rangi ile, na kila Jumapili susu aliyasema vibaya njia nzima.

Lakini mimi nilikuwa nikifikiria mabati yetu. Yalikuwa ya zamani, mazito, ambayo siku hizi huyaoni dukani. Wanunuzi wa vyuma walikuwa wameshapita mara nyingi wakiyaulizia na susu akawafukuza. Nikanyoosha mkono kwa ile sarafu nyeupe. Mnunuzi alisita kidogo, kisha akasema, "Mpe, Mama, aone. Anapenda."

Mshono ulikuwa pale ukingoni. Mtu alikuwa ameupiga tupa, lakini kidole kiliusikia. Taji lilikuwa limevimba. Nikavuta uzi kwenye pindo la nguo yangu, nikaupitisha tunduni, nikaining'iniza, nikaigonga kwa msumari.

Ta.

Nikamtazama susu. Alikuwa ameurudia ungo wake, nao ulikuwa umesimama mikononi mwake, na kichwa chake alikuwa amekiinamisha upande mmoja, kama siku zote. Nikangoja aseme. Nilingoja mpaka nzi akatua kwenye mkono wake na kuruka, na yeye akaanza kupepeta tena.

Ikabidi niseme mwenyewe. "Ni risasi, Mjomba. Ni ya kumiminwa. Huyu anataka mabati."

Kofi lilinikuta kabla sijarudisha kiganja mdomoni.

"Darasa la nane!" mjomba akamwambia mnunuzi, kana kwamba mimi ni ng'ombe aliyemkojolea mgeni. "Ndiyo shida ya kulisha watoto wa watu." Kisha akamgeukia susu. "Mwaitu, mama yangu, nyumba ni yako. Sitaki maneno mengi. Chukua neno lake, au langu. Lakini nikitoka hapa leo kwa aibu, sirudi. Hata siku ya kukuzika watanisubiri."

Susu aliweka ungo chini. Alipukuta makapi kwenye mapaja yake, moja moja.

"Huyu alipita kwenye tumbo la binti yangu," alisema. "Wewe ulipita kwenye langu. Ng'oeni."

"Na mkebe wake?" mjomba akauliza. "Zake pia zipimwe."

Nilikuwa nimeuficha. Nilimwona akitazama chini ya kitanda, juu ya mhimili, ndani ya gunia la mahindi. Nilianza kufikiri hataupata.

"Uko nyuma ya mtungi," susu akamwambia.

Walimaliza kazi kabla ya saa ya kukama mbuzi. Kila bati lililoinuka lililia kwa sauti ndefu, na majirani wakaja kusimama kwenye ua. Baadhi ya misumari ilikatika kwa uzee, sarafu zikarukia vumbini, na mjomba akawa anawapigia kelele vijana waziokote. Mfereji wa maji uliopeleka mvua kwenye tangi ulianguka, wakautupa nao kwenye pikapu. Kitanda cha susu na ndoo yake ya usiku vikabaki wazi kwa kila aliyepita njiani. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Nyanya anaoga?" Watu wakacheka. Mnunuzi alimwaga sarafu zangu kwenye begi lake, akanirudishia mkebe mtupu kwa mikono miwili, kwa adabu. Ile nyeupe alimwachia susu iwe rehani ya mabati mapya. Mjomba akapanda mbele ya pikapu, wakaenda.

Wiki ikapita. Mabati ya rangi hayakuja. Nikimpigia mjomba simu, mwanamke yule wa mtandao alinijibu kwamba mteja hapatikani.

Mvua ilikuja mapema. Tangi tulilokuwa tukilijaza kutoka kwenye paa lilibaki kavu, huku maji yakijaa kwenye chumba cha kulala. Kuta zetu zilikuwa za matofali mabichi. Zilianza kulainika juu, kisha upande wa dirisha ukaketi chini kama mtu aliyechoka. Tulihamia jikoni, kwenye kibanda cha nyasi, tukilala na mbuzi na moshi. Mimi nilichota maji kwenye dimbwi la ng'ombe, na susu aliyaonja na kuyatema karibu na miguu yangu.

"Hata maji mazuri huyajui."

Mjomba alipiga simu mvua ikiwa katikati. Susu hajui kushika simu, hivyo niliiweka ipaze sauti, na akina mama wawili wa kanisa waliokuja kutuletea unga walikuwa wameketi pale pale.

"Mwaitu, mnunuzi amepima zote, hakuna kitu," mjomba alisema. "Ile ya fedha ilikuwa imetolewa zamani. Uliza huyo msichana wako. Nani mwingine alikuwa akichezea sarafu za hilo paa? Ametuibia, ndiyo maana mtu wa watu amekasirika akakataa kuleta mabati."

Akina mama walinitazama. Mmoja akausogeza mkoba wake karibu na goti. Mimi nikamtazama susu, kwa sababu yeye aliijua habari yote kutoka mwanzo.

"Nimesikia, mwanangu," susu akasema. "Umekula?"

Jumapili iliyofuata nilipoinuka kusaidia kupitisha kikapu cha sadaka, kama nilivyozoea, mtu alikichukua mbele yangu.

Mvua ilipotulia, ua ulikuwa umeoshwa mpaka kwenye kokoto, na sarafu zilizorukia vumbini siku ile zikajitokeza. Nilikwenda nimeinama na mkebe wangu mtupu. Kila moja ilikuwa na duara lake la kutu upande mmoja na upande mwingine safi. Hizo hakuna fundi wa Kambu anayeweza kuziiga. Wao hupaka kutu pande zote mbili. Niliona furaha, siwezi kuficha. Nilikuwa naanza upya.

"Lete hapa," susu aliita kutoka jikoni.

Alizimimina kwenye mapaja yake, akazipitia kwa kidole, akazirudisha mkebeni.

"Hizi ni za mwanangu. Ni paa la baba yake. Utamtunzia mpaka aje." Kisha akafungua fundo la leso, akatoa ile nyeupe. Rangi ilikuwa imeshaanza kuchubuka kwa jasho lake na chini ilikuwa ya kijivu. "Na hii."

"Susu, hiyo..."

"Nimesema na hii."

Nikaitia. Ilianguka juu ya nyingine bila sauti ya maana. Sote wawili tuliisikia.

"Siku ile," nikasema, na sikufunika mdomo, "uliisikia."

"Mimi si kiziwi."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kama mtu anayekadiria mbuzi asiye na nyama.

"Na kaburi langu atalichimba nani? Wewe? Kesho utafuata mwanaume, usahau hata njia ya kuja hapa. Mwana akiwa mbaya bado ni mwana." Akachukua kijiti akachokoa moto. "Usiniulize tena."

Sijamuuliza tena. Mjomba hajaja. Ukuta wa nyuma umeanguka pia, na mahali kitanda cha susu kilipokuwa pameota mchicha, ambao tunaula. Kila siku baada ya chakula cha mchana susu hunyoosha kidevu kuelekea pale mkebe ulipo, nami nauchukua. Hataki kuzitazama. Anataka nitikise. Nikitikisa, sarafu za babu zinalia, na katikati yake kuna kitu kinachogonga kama kokoto. Yeye huinamisha kichwa upande mmoja, akingojea hicho tu.

"Iko?" huniuliza.

"Iko, Susu."

"Rudisha mahali pake."