Mwalimu mkuu alichoma karatasi zetu za internet, dada yangu Akoth akiwa bado hai

Wakuu, heri kwenu. Mimi niliishia darasa la saba, mtanivumilia. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Mr. Ogutu, mwalimu mkuu wetu kule Muhuru Bay, alichoma karatasi zetu mbele ya paredi. Hatukuwa tumemaliza kuzisoma. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa juu, "Fever".

Ngoja nirudi nyuma.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Madam Rispa wa Kiingereza alikuwa na mtindo wake. Kila kundi linaandika swali la kweli, si la kitabu. Wikendi anapanda basi hadi Kisumu, anaingia cyber, anarudi na karatasi. Jibu hatuambii. Tunalitafuta wenyewe humo na dictionary, halafu tunasimama kuwaeleza wengine kwa Kiingereza.

Kundi moja liliuliza kama nyangumi anaweza kuishi kwa ziwa letu. Msicheke, sisi ni watu wa samaki.

Mimi niliuliza mbona mifupa yangu na ya Akoth inauma hivi. Nyumbani walisema ni chira, eti mama alivunja mwiko.

Tukasoma polepole. Sickle cell. Ni damu, tumerithi kwa wazazi wote wawili. Kunywa maji mengi, usipigwe na baridi.

Jioni nilimweleza Akoth nikimkanda miguu.

"Kwa hivyo mama hakukosea?"

Nikamwambia hakukosea.

"Basi mwambie yeye, owadwa, ndugu yangu. Analia kunishinda."

Nilimwambia. Mama akatoka nje, akajifanya anaanua omena, wale dagaa wetu.

Kesho yake ndiyo ile paredi. Mr. Ogutu akasema cyber haiko kwa mtihani, na Madam analeta magonjwa ya watu shuleni. Akawasha kiberiti. Madam akahamishwa.

Baadaye Akoth akashikwa na homa. Tukampa maji, tukamfunika vizuri, vile tulikuwa tumesoma. Tukangoja ishuke. Akatuacha akiwa amelalia mkono wangu.

Nikiwa mtu mzima, daktari wa Homa Bay aliniambia mtoto wa sickle cell akipata homa hangojewi, anakimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Funzo langu: mtoto akiuliza, mwacheni asome mpaka mwisho. Walimu mlioko humu, semeni kama nakosea.

Na nyinyi watoto wa Mr. Ogutu, mwonyesheni mzee huu uzi. Pole yake sitaki. Ajibu hapa mbele ya watu: ile karatasi ya mwisho ilimkosea nini?